Kisiwa Kidogo Hulindwa Bandarini

Buabua, ndege wa bahari, hajengi kiota. Hutaga yai lake, moja au mawili, juu ya jiwe la tumbawe au mchangani, akalilalia palepale huku jua la mchana likimpiga mgongoni. Yai lina madoadoa ya rangi ya jiwe, na kifaranga hivyohivyo, na hiyo ndiyo kinga pekee waliyonayo. Mtu akimwona kwa mara ya kwanza hushangaa: ndege mwenye mabawa ya kuvuka bahari, kwa nini asipande juu ya mti akatulia? Kwa maelfu ya miaka hakuwa na haja. Alichagua visiwa ambavyo havikuwa na paka, nguchiro wala panya, na pasipo na adui atambaaye ardhini, ardhini ni pema.

Kisha tukaja sisi na majahazi yetu, na panya wakaja nasi. Hawakualikwa. Waliingia kwenye magunia, kwenye makuti, kwenye marundo ya kamba na matanga, wakateremka kila tulipoteremka. Panya jike hubeba mimba kwa wiki tatu tu, huzaa watoto kadhaa kwa mpigo, na watoto hao nao huanza kuzaa baada ya miezi michache. Mmoja mwenye mimba akifika kwenye kisiwa chenye mayai yaliyolala wazi, mambo hubadilika kabla mtu hajagundua kuna nini. Ndege wa bahari hawana namna ya kupambana naye. Wengine hawajui hata kumkimbia. Hukaa juu ya yai lao wakimtazama anavyokuja.

Nimekulia Unguja, nimefundisha watoto wa Unguja, na kwa muda mrefu nimesikia hifadhi ikizungumzwa kana kwamba ni jambo la bara: simba, tembo, magari ya wazi, askari wenye bunduki. Wanafunzi wangu wanaweza kukutajia mbuga za Tanzania kwa mpangilio, lakini ukiwauliza ndege wale weupe wanaopiga mbizi mbele ya Forodhani wanazaa wapi, darasa zima hunyamaza. Siwalaumu. Hakuna kitabu walichopewa chenye jibu. Basi acha niliandike hapa, kwa sababu visiwa vidogo vinavyowahifadhi ndege hawa ni miongoni mwa hifadhi dhaifu kuliko zote, na kuvilinda hakuanzii kisiwani. Kunaanzia kwetu, gatini, pale mizigo inapopakiwa.

Chumbe ndicho kisiwa ninachokijua zaidi. Kiko kusini-magharibi ya mji wa Zanzibar, mwendo wa kama kilomita 12. Ni jiwe la tumbawe refu na jembamba, limefunikwa msitu wa vichaka uliomea juu ya mawe makali yasiyo na udongo wa maana wala tone la maji baridi. Mnara wake wa taa ulijengwa mwaka 1904, na jirani yake upo msikiti mdogo wa watunza taa wa zamani. Kwa kuwa kisiwa kinapakana na njia ya meli, na eneo lile lilikuwa pia chini ya jicho la jeshi, wavuvi hawakulizoea, na matumbawe ya upande wa magharibi yakabaki mazima wakati mengine mengi ya Unguja yakivunjwa kwa nanga na baruti. Mwaka 1991 Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyekuwa amefanya kazi Zanzibar, alianzisha kampuni kwa lengo la kukifanya kisiwa hicho hifadhi. Baada ya safari nyingi kutoka ofisi moja hadi nyingine, Serikali ya Zanzibar iliyatangaza matumbawe na msitu wake kuwa eneo lililofungwa mwaka 1994.

Mwaka huohuo wa 1994 wakaja buabua wa waridi. Ni ndege mwembamba, mweupe, kichwa cheusi, mkia mrefu uliogawanyika, na msimu wa kuzaa ukifika kifua chake hupata wekundu hafifu ambao huuoni mpaka mwanga umpige sawasawa. Mamia ya jozi walitua na kutaga. Kwa hifadhi changa iliyokuwa haijakauka wino, ilikuwa ni heshima kubwa. Lakini panya walikuwako kisiwani tangu zamani, na kunguru wakavuka kutoka mjini. Mayai yakaliwa, vifaranga wakaliwa.

Kunguru huyu si mwenyeji wetu. Aliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili asaidie kula taka za mji, na mji ukashindwa kumdhibiti mpaka leo. Sijui neno la upole la kuuelezea uamuzi ule. Waliomleta waliona jaa la taka peke yake. Hawakuwaona kurumbiza bustanini, wala vifaranga wa kuku uani kwa watu, wala buabua wa Chumbe. Na kunguru hazuiliwi na bahari ya kilomita chache.

Panya angalau anaweza kuondolewa kabisa, na mwaka 1997 panya wa Chumbe waliondolewa. Ningependa msomaji aelewe uzito wa sentensi hiyo. Nyumbani ukiua panya tisa kati ya kumi unalala usingizi. Kisiwani, yule wa kumi ndiye kazi yenyewe, kwa sababu akiwa na mwenzake, baada ya muda mfupi umerudi ulipoanzia. Hivyo kisiwa chote hugawanywa kwa mistari, chambo huwekwa kila baada ya hatua kadhaa, kwenye mapango, kwenye mizizi, kwenye mawe yanayokata viatu, kisha hukaguliwa na kujazwa tena mpaka hakuna chambo kinacholiwa. Baada ya hapo unaendelea kukagua kwa miaka, ukitafuta kinyesi, ukitafuta alama ya meno kwenye kipande cha nazi.

Msitu ule usio na panya umekuwa kimbilio la wengine pia. Paa nunga, yule paa mdogo mwenye mkanda mweupe mapajani, anayepatikana Unguja na kwenye misitu michache ya pwani ya kaskazini mwa Kenya tu, alipelekwa huko kuanzia miaka ya mwisho ya 1990, maana Unguja alikuwa akiwindwa na misitu yake ikikatwa. Na usiku hutoka kaa mla nazi, mkubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu, mwenye nguvu ya kuvunja fuu kwa gando. Sehemu nyingine za mwambao ameliwa mpaka akatoweka. Chumbe anavuka njia mbele ya miguu yako bila haraka.

Niliwahi kwenda huko na wanafunzi, maana hifadhi hutumia sehemu ya mapato ya nyumba zake saba za wageni kuwapeleka watoto wa shule za Zanzibar bila malipo. Wasichana wetu wengi, watoto wa kisiwa, walikuwa hawajawahi kuweka uso ndani ya maji ya bahari. Walivaa makoti ya kuokolea maisha juu ya mabuibui, wakashikana mikono, na mmoja aliponyanyua kichwa alipiga kelele kwamba samaki wana rangi. Alikuwa amewaona maisha yake yote sokoni Darajani, wamekufa, na hakujua kwamba rangi ile hufifia. Zaidi ya aina 400 za samaki zimeorodheshwa pale. Lakini kilichonikaa ni walinzi. Wengi wao walikuwa wavuvi kutoka vijiji vya jirani. Hawabebi silaha. Ngalawa ikikaribia mpaka, humwendea mwenyewe kwa boti, wakamsalimu, wakamuuliza habari za nyumbani, kisha wakamweleza kwa nini asitupe nyavu hapa na faida yake ni ipi pale nje ya mpaka ambako samaki wanaozaliwa humu hutoka kwenda. Huyo mvuvi ni mtu wanayefahamiana naye, pengine wamesali pamoja Ijumaa. Askari wa kutoka mbali asingeiweza kazi hii.

Kama Chumbe inaonyesha jinsi ya kurudisha kilichokwisha kuharibika, basi Cousin ya Shelisheli inaonyesha thamani ya kutoruhusu kiharibike. Kisiwa hiki kiko karibu na Praslin na ukubwa wake haufiki hekta 30. Kilikuwa shamba la minazi. Msitu wa asili ulikuwa umefyekwa, na katika kipande kidogo cha vichaka kilichosalia ndimo alimobaki kijidege mmoja wa rangi ya udongo, mla wadudu, ambaye hakuwa akipatikana popote pengine duniani. Mwaka 1968, shirika la kimataifa la kuhifadhi ndege, ambalo leo linaitwa BirdLife, liliponunua kisiwa kizima kwa ajili yake, ndege hao hawakufika 30. Nukta moja tu kwenye ramani, na humo uzao wote.

Walichofanya baada ya kununua kilihitaji subira kuliko fedha. Waliacha kuhudumia minazi, wakang'oa miche yake, wakauachia msitu wa asili nafasi ya kurudi. Majani yakarudi, wadudu wakarudi juu ya majani, na yule kijidege akaongezeka mpaka kisiwa kikajaa mamia. Mwaka 1988 ndege 29 walihamishiwa kisiwa cha Aride, kisha wengine wakapelekwa Cousine, Denis na Frégate, ili moto au ugonjwa mmoja usiweze kuwamaliza wote. Sasa wamezidi elfu mbili. Na kwa kuwa kisiwa kililindwa kwa ajili ya mmoja, wengine wote walinufaika. Ng'amba wanaopanda ufukweni Cousin kutaga wameongezeka takriban mara nane tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati sehemu nyingine nyingi za Bahari ya Hindi magamba yao yalikuwa yakiuzwa kutengenezea vitana na mapambo.

Msitu huo nao una mambo yake. Mti mkuu ni mpisonia, wenye matawi laini na majani mapana, ambamo maelfu ya ndege wa bahari wadogo weusi hujenga viota vya majani yaliyogandishwa kwa kinyesi. Mbegu zake zinanata kama ulimbo. Ndege hubeba mbegu kwenye manyoya na kuupeleka mti visiwa vingine, ila akizibeba nyingi mno hushindwa kuruka na kufa chini ya mti uleule. Kwenye matawi hayo kuna buabua wa aina nyingine, mweupe pepe, macho meusi, ambaye huweka yai lake moja juu ya tawi tupu, pasipo hata unyasi wa kulizuia. Upepo unavuma, tawi linayumba, yai limekaa. Chini kabisa, kwenye mashina, ndege mwenye mkia mrefu mweupe amelala juu ya kifaranga wake na hasogei hata mtu akipita karibu kiasi cha kumgusa. Hamwogopi mtu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfunza hofu.

Cousin haijawahi kuingiwa na panya. Si bahati tu. Boti ya mgeni hairuhusiwi kugusa ufukwe. Watalii wanaotoka Praslin husimama majini, boti za hifadhi yenyewe huja kuwachukua, zikawapeleka mchangani kwa kasi juu ya mawimbi, na wakimaliza zikawarudisha. Boti ambazo hazilali bandarini hazipandwi na panya. Hiyo ndiyo ngome yao: kanuni moja ya usafiri, inayofuatwa kila siku, mwaka hadi mwaka, na watu ambao majina yao hayatajwi popote. Kutafuta fedha za kununua kisiwa ni jambo kubwa, lakini mimi nadhani uhai wa Cousin umeshikiliwa zaidi na yule kijana anayeinua kila kifurushi na kutazama chini yake, hata siku ambayo bosi hayupo.

Ami yangu ni mvuvi wa Kizimkazi na hakupenda niliposema habari hizi barazani. "Ndege kapata mlinzi," alisema. "Mimi na mishipi yangu, nani mlinzi wangu?" Ni swali la haki na linastahili jibu la maana, kwa sababu hifadhi nyingi zimeanza kwa kumfukuza mvuvi na zimeishia kwa mvuvi kuzikata kamba usiku.

Nilimweleza habari za visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi. Huko kuna visiwa vilivyoingiwa na panya zamani na vingine ambavyo havikuingiwa, vikiwa jirani, bahari ileile, matumbawe yaleyale. Mwaka 2018 watafiti walichapisha walichokikuta walipovilinganisha. Kwenye visiwa visivyo na panya, ndege wa bahari walikuwa wengi zaidi kwa mamia ya mara. Ndege hao huenda kula mbali baharini, wakarudi usiku, wakatupa kinyesi chao ardhini, na mvua ikakisukuma hadi kwenye matumbawe. Mbolea ile hulisha mwani, mwani hulisha samaki, na uzito wa samaki kwenye matumbawe ya visiwa vyenye ndege ulikuwa mkubwa kwa asilimia 48 kuliko kando ya visiwa vya panya. Panya anayekula yai juu ya jiwe anapunguza samaki ndani ya maji.

Ami hakuniambia kwamba anakubali. Aliniambia jambo ambalo mvuvi yeyote wa mshipi analijua: kwamba kwenye mkondo wa bahari kuu yeye hatafuti jodari, anatafuta ndege. Akiwaona wamejikusanya wanapiga mbizi na kupanda, anajua chini dagaa wamesukumwa juu na jodari wako nyuma yao, naye anageuza mashine. "Siku zisizo na ndege," alisema, "tunachoma mafuta bure."

Na ndege wengi anaowafuata hutoka mahali anapopajua. Kama kilomita 60 kusini-mashariki ya Unguja, peke yake kwenye bahari kuu, kuna Fungu Kizimkazi, ambalo kwenye ramani za Wazungu huitwa Latham. Ni bamba la tumbawe na mchanga, urefu wake mita mia kadhaa tu, limenyanyuka mita chache juu ya maji. Hakuna mti. Hakuna maji ya kunywa. Hapo huzaa maelfu ya buabua weusi mgongoni, ambao kinda wao wakiruka hukaa angani na baharini miaka kadhaa kabla hawajakanyaga tena ardhi. Huzaa pia buabua kishungi, na ndege wakubwa weupe wenye weusi usoni kama barakoa, wanaopiga mbizi mabawa yamekunjwa. Kasa hupanda kutaga. Katika maji ya Tanzania hakuna pengine panapolinganishwa napo kwa ndege wa bahari, na hakuna mlinzi anayelala pale. Mtu akitua kupumzika au kuokota mayai, kundi zima hunyanyuka. Shida si yai aliloliokota pekee. Jua la ikweta hulipika yai lililoachwa wazi, na kifaranga mchanga asiye na kivuli cha mama yake hafiki mbali.

Hoteli isingewezekana kule. Hapo ndipo nafikiri tumekosea kuyaweka mayai yetu yote kwenye kapu la utalii. Chumbe imejilipia yenyewe kwa wageni, na nawastahi kwa hilo, lakini mwaka 2020 ndege za abiria ziliposimama tuliona wote kilichotokea kwa kila kitu cha Zanzibar kinachotegemea mgeni. Panya hangojei msimu wa watalii urudi. Na visiwa vingi vinavyohitaji ulinzi, kama Fungu Kizimkazi, havina cha kumuuzia mgeni.

Gharama ya kuchelewa tunaijua. Mbele ya Pangani kulikuwa na kisiwa cha Maziwe, chenye miti na fukwe ambazo zilikuwa maarufu kwa kasa kuliko pengine popote Tanzania bara. Kilitangazwa hifadhi katika miaka ya 1970. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha na bahari imekimeza. Leo ni fungu la mchanga linalojitokeza maji yakitoka na kuzama yakijaa. Kasa wachache bado hulirudia na kutaga, na watu wa Ushongo huwahi kuyachimbua mayai na kuyahamishia ufukwe wa bara kabla bahari haijayafikia. Nawaheshimu mno watu hao. Lakini wanabeba mayai ya kisiwa ambacho kilikuwa na karatasi ya serikali yenye muhuri, na karatasi haikukisaidia.

Kwa hiyo ninachokiomba si tangazo jingine. Kwenye magati yetu, mizigo inayokwenda visiwa vidogo ipakiwe kwenye ndoo zenye vifuniko badala ya magunia, na boti zinazokwenda huko zisilale zimefungwa kwenye ukuta wa bandari. Mitego iwekwe pale zinapopakilia, na mtu apewe kazi ya kuikagua, kwa jina na kwa mshahara. Vyakula vya walinzi na vya wajenzi ndivyo vya kuanza navyo, kwa sababu hivyo ndivyo hupita bila kuulizwa. Kwa Fungu Kizimkazi, kamati za wavuvi za kusini mwa Unguja zipewe dhamana ya kulitazama: pa kupumzikia boti pawekwe mbali na ndege, asitue mtu penye mayai, na anayeokota mayai aulizwe na wenzake, si na mgeni.

Nilimuuliza ami kama wenzake wangeipokea kazi hiyo. Alifikiri kwa muda, akahesabu kwa vidole: lita za mafuta za kwenda na kurudi, watu wanne kwa zamu, redio, makoti ya kuokolea maisha, na posho ya siku ambazo hawatavua. Akasema wengi wao hupita karibu na fungu lile hata hivyo, na kwamba akilipwa mafuta tu, wa kwanza kujiandikisha atakuwa yeye. Hesabu yake ninayo. Nimeianza kuipeleka kwa wanaohusika, na anayeweza kuifikisha mbali zaidi yangu nitampa nakala.